Ng'ombe Kwanza

Ng'ombe mmoja alilia. Ndiyo sauti ambayo Rodah Chepyegon anaikumbuka kutoka asubuhi ile udongo ulipoporomoka kijijini kwao, upande wa Sigowet. Shemeji yake Kiptum alikuwa ameshafika salama barabarani, juu ya mteremko. Alipomsikia ng'ombe wake akilia zizini, aligeuka, akashuka. Udongo ukamkuta huko.

Rodah hupokea maziwa ya kijiji kila alfajiri, kwa hiyo anajua nani humwita ng'ombe wake kwa jina. Afisa wa kaunti alipokuja kufundisha jinsi ya kuhama mvua ikizidi, aliwaambia waache kila kitu wakimbilie uwanja wa shule. Waliitikia kwa adabu. Siku ya zoezi, walifika watu saba.

"Mama, tunaokoa watu, si mifugo," afisa alimwambia Rodah alipouliza kuhusu ng'ombe.

"Kijana wangu, wewe okoa ng'ombe. Mtu atamfuata mwenyewe."

Watu walicheka, lakini Rodah hakuwa anatania. Wakipsigis wana desturi ya zamani, kimanagan: unampa rafiki wa mbali ng'ombe akutunzie, naye anakunywa maziwa yake. Rodah akapita nyumba kwa nyumba, akiwatafutia watu wa mteremkoni marafiki huko juu, penye ardhi imara. Hata afisa akatembea naye, viatu mkononi. Kila ng'ombe akapata zizi la pili, la kukimbilia filimbi ya Rodah ikilia.

Mzee Kiplangat ndiye aliyekuwa mgumu. Alipangiwa kwa Nyathira, mwenye duka.

"Huyo atamaliza maziwa yangu!"

"Ndio mshahara wake, mzee."

"Na chai yake ni maji matupu."

"Basi nenda na majani yako. Si unayachuma mwenyewe?"

Aprili mwaka huu mvua ilinyesha siku nne mfululizo. Siku ya tano, saa nane mchana, Rodah aliona ufa katikati ya michai, mpana wa kuingiza mguu. Akapuliza filimbi. Ng'ombe wakapanda, na watu nyuma yao, wazee kwa watoto, bila mtu kubembelezwa. Mzee Kiplangat alimfuata ng'ombe wake huku akiyatukana matope.

Saa kumi mteremko ukaondoka na zizi la mzee, na jiko lake, na mistari minane ya chai. Nyumba ikabaki imesimama ukingoni, mlango wazi.

Mzee alisimama kwenye ua wa Nyathira, akaitazama. Kisha akachukua fimbo.

"Nashuka kidogo tu. Redio yangu iko mezani."

Watu wakaanza kumpigia kelele kutoka kila upande. Akazidi kwenda. Rodah akamfikia langoni, akamshika mkono wa koti. Akasema kwa sauti aliyoisikia mzee peke yake.

"Ng'ombe yuko hapa, mzee. Kaa naye."