Mama Miti na Swali Lililofutwa

Shemeji yangu, mke wa kaka, kiwanda kizima kinamwita Mama Miti, na wala hajawahi kupanda hata ua la kwenye kopo. Miti yake iko kwenye kompyuta. Mafundi wetu huandika programu za kuendesha mashine za bati, kila mmoja kwa lugha ya mashine yake, na kifaa alichokitengeneza shemeji huzisoma zote. Huivunja programu vipande, kisha huipanga upya kama mti: shina, matawi, hatua moja baada ya nyingine. Mti huo anauita umbo la kati, kwa sababu si kile alichoandika fundi na bado si kile kitakachoingia kwenye mashine. Hapo katikati ndipo kifaa hutafuta makosa, na kikikuta jambo limerudiwa bure, hulifuta. Programu ikishasafishwa ndiyo inapelekwa kwenye mashine. Alivyokipenda kifaa hicho, jamani! Mkikaa kula lazima atakuchorea mti mezani kwa kidole, mpaka kaka amwambie, "Mama, waache watu wale."

Asubuhi ya ajali, programu mpya ya mashine kubwa ya kukandamiza bati ilikuwa imetoka mikononi mwa shemeji, imeshapita kwenye kifaa chake. Kaka, ambaye ndiye huiendesha mashine ile, akakaa, akakanyaga pedali, bati likateleza, akanyoosha mkono kulirudisha. Chuma kikashuka. Umewahi kusikia mfupa wa ng'ombe ukipasuliwa buchani? Basi ndiyo sauti ile. Kaka hakulia mwanzoni. Aliutazama mkono wake utadhani ni wa mtu mwingine, kisha ndipo alipopiga ukelele, na ukelele ule ninao masikioni hadi leo. Tulipokiinua chuma, vidole vilibaki vimeshikana na bati.

Nilimbeba hadi uani kusubiri gari. Huko nyuma watu walikuwa wameshampata wa kumla nyama: Kipara, fundi aliyeiandika ile programu. Walimkamata akiwa anakuja mbio kutazama kilichotokea, wakamwangusha kwa mateke, mmoja akaja na nondo.

"Umemmaliza mwenzetu, mbwa wewe!"

"Niliuliza mara mbili!" Kipara alipiga kelele, damu inamtoka puani. "Jicho! Niliuliza mara mbili!"

Teke lingine, jino likaruka. Mimi nilikuwa nimempakata kaka, mikono yangu haikuwa na nafasi, la sivyo ningekuwa wa kwanza pale.

Shemeji alikuwa amepiga magoti kando yangu, anaufunga mkono wa mumewe kwa mtandio wake, anakaza mpaka mishipa ya shingo imemtoka. Aliposikia maneno ya Kipara akaganda. Akanipa ncha za mtandio. "Kaza, shemeji. Usilegeze." Halafu huyoo, mbio ofisini! Mume anachuruzika damu, mke anakimbilia kompyuta! Nilimtukana yeye na miti yake yote.

Alirudi miguu mitupu, uso hauna rangi. Alipenya katikati ya watu wakati nondo imeshapanda juu, na iliposhuka kumtafuta Kipara kichwani ikampata yeye begani. Tuliusikia mfupa. Akaanguka juu ya Kipara, akamfunika kwa mwili wake.

"Mwacheni! Ni mimi!"

Msimamizi akamvuta nguo. "Toka hapo, mama. Umechanganyikiwa, si bure."

"Sikuchanganyikiwa!" Alikuwa analia na kuhema. "Mashine ina jicho la taa linaloona kama mkono uko ndani, ili chuma kisishuke. Kipara aliandika jicho liulizwe mara mbili, mguu unapokanyaga, na tena chuma kinapoanza kushuka. Maneno ni yale yale. Mimi nilikifundisha kifaa kwamba swali likishajibiwa halina haja ya kurudiwa. Kwenye mti kikayaona ni swali moja, kikafuta la pili, kikabaki na jibu la kwanza. Na lilipoulizwa la kwanza, mkono haukuwepo!"

Mtu mmoja akamtemea mate. Yule wa nondo akaiinua tena. "Basi tumalizane na wewe," na angemmaliza kweli, ila gari liliingia kwa honi na kutawanya watu. Kipara alitambaa hadi ukutani akatapika.

Hospitali walimkata kaka mkono juu kidogo ya kiwiko. Shemeji alipofungwa bega, nilimkamata kwenye korido. Kusema kweli nilikuwa bado na hasira naye, lakini ndoa ya kaka ni ya kaka.

"Mwambie mashine imeharibika," nikamwambia. "Mashine huharibika. Wengine nitawafunga midomo mwenyewe."

"Atakuwa anaishi na mtu asiyemjua," akanijibu, akaingia.

Kaka alikuwa macho, na maneno yalikuwa yameshamfikia. "Wanasema ni wewe. Ni wewe?"

"Ni mimi." Akamweleza yote, hakuruka kitu.

Kaka akachukua kikombe cha chuma kwa mkono wa kushoto akamvurumishia. Kilimpasua juu ya jicho. Shemeji hakujikinga. "Toka!" Hakutoka. Kaka akamtukana, akamtukania na mama yake, akapiga kichwa ukutani mpaka nikamshika, akalia kama mtoto. Sauti ikamkauka. Damu ya shemeji ilikuwa inadondoka kidevuni hadi chini, tone kwa tone.

Muda mrefu ukapita. Kaka akageuza uso.

"Ni wewe?"

"Kaka, si ameshakujibu?" nikadakia.

Shemeji akanitazama, nikafunga mdomo. Akamgeukia mumewe.

"Ni mimi."

Kaka alimwangalia sana. Kisha akasogeza miguu pembeni, ikapatikana nafasi kitandani.

"Kaa basi," akasema. "Unachafua sakafu."