Risasi za Jikoni

"Shemeji, risasi si kachori," aliniambia kaka wa mume wangu siku ile risasi nilizojitengenezea ziliponiaibisha. Yeye ndiye aliyenitia kwenye klabu ya kulenga shabaha, na wenzake wote wakacheka naye.

Bunduki yangu ni ya wenzo, mkono wa chini unaouvuta ili kuingiza risasi nyingine. Risasi hupangwa mstari mmoja kwenye mrija chini ya mtutu, pua ya hii ikigusa kitako cha ile. Sikuwa nimeibana vizuri midomo ya maganda, pale yanaposhika vichwa vya risasi, kwa hivyo ziliposukumana mrijani vichwa vilizama ndani, bunduki ikakwama.

Nilirudi nyumbani Barking na hasira zangu, nikafunga mashine ya kujazia risasi kwenye meza ya jikoni na kutengeneza nyingine. Safari hii nilibana kila mdomo, kisha nikasukuma kila kichwa kwa kidole gumba mpaka nikaridhika kwamba hakitikisiki.

Jumamosi iliyofuata shemeji alisimama nyuma yangu, mikono kaifunga kifuani. Nilivuta wenzo, nikafyatua, nikavuta tena, mpaka mrija ukawa mtupu. Hakuna iliyokwama. Tulipoileta karatasi ya shabaha, matundu yote yalikuwa yamebanana katikati, ungeweza kuyafunika kwa kikombe cha kahawa.

Pale klabuni kila mtu huokota maganda yake mwenyewe, maana ganda hujazwa tena. Shemeji aliinama, akaanza kuniokotea yangu. Nami nikafunga mikono kifuani, nikamngoja amalize yote, hata lile lililobingirika chini ya benchi.