Wifi Alisahau Kuzima Kamera

Admin, jina langu libaki kwako tu, maana hawa watu wanaifuata page yako kila siku. Mimi ni mwanamke wa miaka 31, naishi Singida mjini na mwanangu mmoja. Natengeneza video za kumbukumbu. Unanitumia picha zako na salamu za ndugu, naziunga, naweka muziki na maandishi, siku ya shughuli zinaonyeshwa ukumbini watu wanafuta machozi.

Biashara hii ilizaliwa na machungu. Miaka minne iliyopita nilikuwa mke wa mtu kule Ilongero. Mimi Mnyiramba wa Kiomboi, wao Wanyaturu. Siku moja mume wangu akakuta kwenye simu yangu meseji za mapenzi zimeenda kwa mwanaume nisiyemjua. Nililia, niliapa, nilipiga magoti, hakunisikiliza. Wifi yangu, dada yake mkubwa, ndiye aliyenifungia mabegi, tena anaimba. Mama mkwe peke yake alinisindikiza mpaka barabarani, akampakata mtoto hadi bodaboda ilipokuja. Aliniambia, "Mwanangu, mimi sijaamini."

Nikapanga chumba mjini, nikaanza na simu ile ile iliyoniponza. Video ya kwanza nilimtengenezea mwenye nyumba, mwanae alikuwa anamaliza darasa la saba. Jina la mtoto nililikosea, lakini yule mama alilia, akanitangaza kanisani kwao. Zikaja sendoff, kipaimara, arobaini, na leo nina laptop na wateja mpaka Ikungi.

Wiki iliyopita mwalimu mmoja akanipa kazi ya kumuaga mwenzao anayestaafu. Kufungua picha, ni mama mkwe wangu. Nikaipokea kazi bila kujitaja. Namba ya biashara ni nyingine na kwenye profile nimeweka picha ya kamera, kwa hiyo ndugu wakaanza kunitumia salamu bila kujua ni mimi.

Video ya wifi ikaja. Amesuka, amejipodoa, anamwita mama yake nguzo ya ukoo. Alipomaliza akaweka simu mezani akidhani ameizima. Kwenye video linaonekana bati la jikoni tu, sauti inaendelea. Anamwambia mtu kwa Kinyaturu, anacheka: "Yule Mnyiramba angekuwepo angejifanya mkwe mwema. Zile meseji niliziandika mimi, yeye yuko kisimani. Mdogo wangu mpaka leo hajui."

Sekunde kumi na tisa. Nilizirudia mpaka chai ikapoa. Akaituma hivyo hivyo bila kuitazama, na hata angeitazama asingejali, fundi wa video wa mjini Kinyaturu atakijulia wapi? Mimi nilifundishwa na mama mkwe, tukipepeta uwele uani, neno kwa neno, akinicheka matamshi.

Sherehe ni Jumamosi. Mume wangu wa zamani atakuwa meza ya mbele. Sauti ile nimeshaiunga, na chini nimeweka maandishi ya Kiswahili ili wasio Wanyaturu nao wasome. Sioni haya kusema kwamba nimefurahi kuitengeneza kuliko kazi yoyote niliyowahi kufanya. Nataka wifi atafute mlango asiuone. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu, na yeye aujue uchungu wake.

Kilichonikwamisha ni mama mkwe. Jana ametuma salamu zake za kuwashukuru wageni. Ameshukuru walimu, ameshukuru wanawe, kisha akasema, "Na mkwe wangu wa Kiomboi, popote alipo, aniletee mjukuu wangu nimwone." Siku ni yake, na huyo nitakayemvua nguo mbele za watu ni binti yake wa kumzaa.

Ndugu zangu, msiniambie nisamehe, hilo nimeshalikataa. Msiniambie nimtumie mume wangu peke yake, maana mimi sikufukuzwa kwa siri, kijiji kizima kilitoka kunitazama. Nishaurini jambo moja tu. Niianzishe video mama akishakaa kwenye kiti chake cha heshima, au nimsubiri akate keki kwanza, ale hata kipande kimoja kwa furaha?