Mimea ya Baba Iliyokula Nzi

Sisi tuliokulia Shauri Moyo miaka ya tisini hatukuhitaji saa ya kutuamsha. Mafundi wa masanduku ya mabati waliamka kabla yetu, na nyundo zao zikianza, hata mgonjwa aliketi kitandani. Tukirudi shule tulitupa mifuko popote, tukaruka bladda, ile kamba ya mpira, mpaka miguu ikawa na soksi za vumbi. Na nzi je! Harufu ya samaki wa soko la Gikomba ilifika kwetu bila kualikwa, na nzi wakaifuata.

Labda ndiyo sababu Baba, aliyekuwa karani wa reli, alirudi jioni moja na mikebe miwili iliyofungwa kwa gazeti. Mama alidhani ni miche ya sukuma wiki. Alipofungua akakuta vijimea viwili, kila kimoja hakizidi kiganja cha mtoto, majani yake yamejaa vinyweleo vyekundu, na kwenye ncha ya kila kinyweleo tone linalometa kama umande.

"Baba Nafula, hii inapikwaje?"

"Haipikwi. Hii yenyewe ndiyo inakula. Inakula nzi."

Mama alitazama dari. "Kwani hii nyumba ilikuwa na upungufu wa midomo?"

Tuliiweka dirishani, na kabla ya chakula cha jioni nzi wa kwanza akanasa. Watoto wa ploti nzima walijazana kwetu. "Cheki! Imemshika!" Jani lilijikunja polepole sana, hivi kwamba tulitoka kucheza mpira wa kati, tukarudi, na bado lilikuwa linamkumbatia. Hakuna aliyelalamika. Wanangu leo video ikikwama kidogo tu wanasema maisha ni magumu.

Jumatatu Baba alitumwa kazi Kisumu kwa wiki mbili. Alituita mimi na dada yangu Nafula, yeye darasa la saba, mimi la tano.

"Hii mimea nawaachia nyinyi, Nafula na Nekesa. Nikirudi niikute hai."

Baba hakuwa mtu wa kurudia neno. Tuliilea kama tulivyolelewa sisi, yaani kwa kulishwa. Nafula aliweka omena, wale dagaa wakavu, juu ya jani. Mimi nikachota mbolea ya kuku kwa jirani, ile iliyonenepesha sukuma za Mama, nikaishindilia kwenye mikebe yote miwili. Maji ya mfereji tuliimwagia asubuhi na jioni. Siku ya nne jani la omena likaoza na kunuka. Siku ya sita yale matone yote yalikuwa yamekauka, na majani yamegeuka kahawia.

"Baba atatumaliza," Nafula alisema. "Tumwambie paka aliiangusha."

"Paka wa nani?" Mama aliuliza kutoka jikoni. "Nendeni kwa huyo mama aliyemuuzia baba yenu. Yuko Muthurwa."

Jumamosi tulitembea mpaka Muthurwa, kila mmoja amekumbatia mkebe wake. Muuza maua alikuwa amekaa kando ya barabara, leso kiunoni. Alinusa udongo, akakunja uso.

"Mmeipa mbolea?"

Nilikubali kwa kichwa.

"Woi, wasichana wangu! Hii inaota kwenye matope ya milimani, pahali hakuna kitu. Ndiyo maana inajitafutia nzi. Mkiishibisha mnaiua."

Mmea wangu ulikuwa umeshaoza mizizi. Aliung'oa, akautupa, nami nikalia hadharani bila haya. Wa Nafula aliukung'uta mbolea, akaupanda upya kwenye matope meusi yaliyochanganywa na mchanga. Akatuagiza: uwekwe juani, kisahani cha maji chini yake, na maji yawe ya mvua tu.

"Lakini mvua hakuna," Nafula alisema.

"Basi ombeni fundi wa betri yale maji safi yasiyo na chumvi, ya kuongezea betri. Siyo asidi, mnanisikia?"

Fundi wa betri karibu na kwetu alicheka mpaka akaweka spana chini. "Ya maua? Nyinyi watoto wa reli mna mambo!" Lakini alitujazia chupa, na tuliporudi akajaza tena. Siku chache baadaye nililiona tone moja kwenye jani changa, dogo kama kichwa cha pini. Nilipiga kelele mpaka Mama akaja na mwiko mkononi.

Baba alirudi tukinywa chai. Akatazama dirishani, akaona mkebe mmoja. Nafula alifungua mdomo, na nikajua anamtafuta yule paka. Nikamtangulia. Nilisema yote, omena, mbolea, machozi ya Muthurwa.

Baba akavua kofia.

"Yule mama aliniambia yote siku niliyonunua. Maji ya mvua, msiilishe. Mimi ndiye nilisahau kuwaambia. Mnisamehe, wanangu."

Enzi hizo mzazi hakukosea. Hata akikosea, wewe ndiye uliyechapwa.

Siku hizi mimi huwaomba wanangu msamaha kila wiki, na wao hujibu "ni sawa, Mum" bila kuinua macho kwenye simu. Pengine ni vizuri. Lakini siku ile, mimi na Nafula tulikaa tukimtazama Baba mpaka chai ikapoa.