Mfiwa Mwenye Dele la Kahawa

Ghaniya binti Humaid, mkunga wa mji wa Nizwa, Oman, alikuwa mwanamke wa shoka. Penye harusi au msiba hakai kitako. Wenzake waliotoka naye Unguja wakimtania kwamba hata Siku ya Kiyama atauliza nani anasimamia jiko.

Mwaka 1997 mdogo wake Khole, aliyeolewa mji wa Ibra, alifiwa na mwanawe wa pekee, Laith, kwa ajali ya gari. Siku tatu za azaa, za kupokea pole, Ghaniya alipika, akapakua, akamimina kahawa. Mara tatu Khole alimwita kutoka chumbani: "Dada, njoo ukae na mimi."

"Naja mpenzi, wallahi. Niwapakulie watu kwanza."

Hakwenda. Wageni walimsifu, na sifa, Mungu atusamehe, ni tamu. Khole hakumwita tena, si siku zile wala miaka iliyofuata.

Mwaka 2004 Khole naye akafariki, kwa maradhi ya moyo. Majuto ni mjukuu, wasema watu. Ya Ghaniya yalikuja yameshaota mvi. Sasa mfiwa ni yeye, na bado dele la kahawa liko mkononi.

Siku ya pili akaja Daktari Miriam, mwenzake wa kazini, Myahudi mzaliwa wa Nairobi. Akaketi mkekani, kimya. Ghaniya akamnyooshea kikombe, Miriam hakukipokea.

"Kaa, Bi Ghaniya. Kwetu Wayahudi mfiwa hukaa chini siku saba, wala hahudumii mtu. Anayekuja kumpa pole hukaa naye kimya mpaka mwenyewe aanze kusema."

"Na asiposema?"

"Tunakaa tu."

Jirani, Fakhriya, akalitoa dele mkononi mwake. Ghaniya akaketi. Kahawa ilizunguka mara mbili ndipo aliposema, "Aliniita, Daktari, kwenye msiba wa Laith. Na jiko lilikuwa na watu tele, sikuhitajika. Niliuogopa uso wake. Mtu kama mimi hasameheki."

Alingoja aambiwe si kitu, yamepita. Miriam hakumwambia hivyo.

"Torati inatuamrisha tumpende mwenzetu kama nafsi zetu. Basi nafsi nayo ina fungu lake. Yule aliyejificha jikoni kwa hofu naye alifiwa na mtoto wa nduguye. Nani alikaa naye?"

Ghaniya alifungua kinywa amjibu, kikamtoka kilio cha miaka saba mbele za watu, na Khole, aliyetaka walie pamoja, yuko kaburini.