Kompyuta ya Irja Iliyogoma Siku ya Sauna

Irja Keränen alikuwa na ugonjwa ambao hata kustaafu kazi ya posta hakukuuponya: akikuta kitu kimefungwa kwa skrubu, lazima akifungue. Alishafungua redio, mashine ya kahawa, na mara moja saa ya ukutani ya jirani aliyekuwa amemwalika chai tu.

Binti yake Henna hakuuona udadisi huo kuwa sifa. Alichokiona ni mjane wa miaka sabini na mbili anayeishi peke yake msituni, nje ya mji mdogo wa Kuhmo, theluji imefika madirishani. Akamtafutia nyumba mjini Kajaani, kwenye makazi ya wazee, na ufunguo wake Henna alikuwa ameshakabidhiwa. Irja akamjibu kwamba mtu anayeweza kuunda kompyuta kwa mikono yake anaweza pia kujitunza. Henna akacheka, akakubali: angekuja Jumamosi kwa sauna, kuoga pamoja kwenye chumba cha mvuke kama ilivyo desturi. Kompyuta ikiwaka, hatalitaja tena jina la Kajaani. Isipowaka, mama anafungasha.

Irja aliiunda kwenye chumba cha kuvulia nguo, mlangoni mwa sauna, kwa sababu ndicho pekee kisicho na zulia. Alishaonywa kwamba mazulia ya majira ya baridi humtia mtu umeme vidoleni, na cheche moja inatosha kuua bodi nzima. Humo chini ni vigae, na marehemu mumewe, Tauno, alipitisha nyaya za kupasha sakafu moto, akaweka na soketi ukutani kwa mkono wake mwenyewe. Jumamosi mchana Irja akakaza skrubu ya mwisho, akawasha jiko la umeme la sauna ili mgeni akute mawe yaliyo juu yake yameshika moto, akachomeka kompyuta kwenye soketi hiyo, akabonyeza kitufe.

Kimya. Hata feni haikutikisika.

Moyo ulimshuka, sitaficha. Lakini papo hapo kitu kingine kikampanda, kile kile cha siku zote: kwa nini? Taa ya darini ilikuwa inawaka, kwa hiyo umeme upo. Akaangalia swichi ya nyuma. Akachomoa vipande vya kumbukumbu, akavirudisha hadi vikalia tk. Akabadilisha vinyaya vya kitufe, labda alivichomeka kinyume. Akagusanisha kwa bisibisi pini mbili za kuwashia. Wapi.

Henna akamkuta amepiga magoti, miwani imeshuka puani. Akauweka ufunguo wa Kajaani mezani taratibu, bila kujigamba.

"Imegoma?"

"Haijagoma. Inanificha kitu."

"Mama, umejitahidi vya kutosha. Njoo tuoge, mengine baadaye."

Irja akaanza kuvua nguo shingo upande. Alipotoa soksi na kukanyaga kigae, akasimama wima.

"Mbona sakafu ya baridi?"

"Si jiko linawaka?" Henna alikuwa ameshajifunga taulo. "Tangu nikiwa mtoto ni hivyo hivyo. Baba alikuwa akisema nyumba haina umeme wa kutosha kulisha vyote viwili, jiko likila, sakafu inafunga."

Irja akainama ukutani. Alikuwa anaufuata kwa macho waya wa ile soketi ya Tauno. Haukupanda darini kwenye taa. Ulishuka, ukaingia sakafuni. Akanyoosha mkono kwenye swichi ya jiko.

"Mama, usizime jiko. Mama, nina baridi."

"Vumilia kidogo, mwanangu."

Akazima jiko, Jumamosi, mgeni akiwa na taulo tupu, jambo ambalo pale kwao halina msamaha. Akabonyeza kitufe. Feni zikazunguka zote kwa pamoja.

Henna aliitazama mashine huku akitetemeka kwa baridi. "Baba huyu," akasema. "Kumbe na soketi aliiunga na sakafu."

Irja akaizima kompyuta, akaliwasha tena jiko. Wakaoga hadi wakawa wekundu, wala Kajaani haikutajwa. Wakati wa kuondoka, Henna akauchukua ufunguo mezani, akautia mfukoni, akavuta zipu ya koti.

"Jumamosi ijayo nakuletea kompyuta yangu iliyokufa," akasema. "Ila usiifungue peke yako. Nataka kuona."