Mwenye daftari kwenye saa ya Kifaransa

Jamani wenzangu wa huko Koboko, leo nimefungua daftari la mtu bila ruhusa.

Mnajua kila Jumamosi tunakutana kwa Mama Veronika, yule Mkongo anayeuza vitenge hapa Arua, tupige soga kwa Kifaransa. Anayeteleza na kusema Kiswahili anaosha vikombe.

Wiki tatu sasa anakuja bwana mmoja, Juma. Haongei sana. Kila akisema neno, anainama, anaandika.

Mtu wa kuandika, siku hizi za wapelelezi?

Tukaanza kuongea habari za mvua tu. Mvua, mihogo, tena mvua. Hata mimi nikaisifu serikali kwa Kifaransa, na Kifaransa changu mnakijua.

Leo Juma akateleza, akasema "asante". Akaenda uani kuosha vikombe. Daftari likabaki kitini.

Nikalifungua mbele ya wote.

Hakuna jina langu, wala la mtu mwingine. Kuna tarehe, na maneno aliyoyasema yeye mwenyewe. Basi.

Nageuka, yuko mlangoni, maji yanamchuruzika mikononi.

"Mimi iko naandika yangu tu," akasema polepole. "Siku wakinikamata, wakiniuliza nilisema nini, nisisahau. Kwa sababu hapa katikati yenu mmoja iko napeleka maneno kwa serikali. Mimi sijui nani."

Hakuna aliyecheka. Hakuna aliyemtazama mwenzake.

Sasa na mimi nimenunua daftari.

Nyinyi mngefanyaje? Nijibuni, lakini kwa mdomo. Na karatasi hii mkishaisoma, ichomeni.